Ubavu wa Saba

Walileta bawa mchana, juu ya mkokoteni wa makaa,
wanaume watano, wa sita mbele akisafisha njia
kama mbele ya jeneza.
Mlangoni halikupita.
Ikabidi cherehani yangu itoke nje, kwenye vumbi la Kamalondo,
na maharusi wa Jumamosi wakaambiwa wasubiri.

"Mama Umba," akasema Kyalwe, mikono inanuka oili,
"hii ni ndeke ya zamani, ya viti viwili,
ilizaliwa kabla mama yako hajaolewa.
Injini nimeiamsha. Inakohoa, lakini ukiiita inaitika.
Imebaki ngozi."

Nikagusa. Kitani kimekauka kama ganda la kitunguu.
Panya wamezaa humo, wakazeeka, wakazikana.
Nikachukua wembe, nikafumua,
ubavu kwa ubavu, mbao nyepesi kama mifupa ya kuku.
Ukitaka kumjua fundi, usitazame nguo yake.
Ifumue.

Ubavu wa saba, nikasimama.

Fundo.
Uzi umepita chini, umerudi kushoto, umejifunga mara mbili:
fundo la mtu wa mkono wa kushoto, tena mwenye wasiwasi,
yule aliyetufunga viatu hivyo hivyo,
hata usiku tukamwomba mama kisu.

Baba.

Alisema anashona "kule uwanjani".
Tukadhani mapazia. Tukadhani suruali za marubani.
Labda alisema mabawa, nasi tulikuwa tunagombania bukari.
Maisha yake yote alisafiri nyuma ya lori, juu ya magunia.

Kyalwe anayo daftari ya safari, wino umegeuka kahawia.
Kiti cha pili kilibeba barua,
mawe ya shaba ya kupimwa,
daktari, bibi mwenye kofia,
na mbwa aitwaye Bijou, mara nne.

Mbwa. Mara nne.
Nilicheka mpaka mteja akaondoka na kitambaa chake.

Nikashona siku kumi na moja.
Uzi niliupaka nta. Umeme ulipokatika
niliendelea kwa mkono, subana ya baba kidoleni,
inanipwaya, nimeijaza pamba.
Watoto wakauliza: gauni hili la nani?
La upepo, nikasema. Mteja msumbufu,
hatulii umpime.

Mafundo yote nikayafunga kulia, kama ninavyojua.
La ubavu wa saba nikataka liende kushoto.
Mkono ukakataa. Nikafumua, nikarudia,
mara nne, Bijou, mara nne,
hadi uzi ukakubali.

Kisha Kyalwe akaja na kofia mbili za ngozi.
"Mafundi wa kale walikuwa na desturi," akasema
(nadhani aliitunga njiani),
"aliyeshona bawa hupanda wa kwanza.
Ndiyo maana walishona vizuri."

Saa kumi na mbili asubuhi, Luano, ubaridi wa Juni.
Nilivaa kitenge cha kanisani.
Nyasi zikakimbia, vichuguu vikakimbia,
halafu kitu kilichokuwa kinanipiga mgongoni
kikaacha.

Kamalondo nzima ilinisubiri na maswali.
Uliliona bomba la kiwanda? Ule mlima mweusi
wa masalia ya shaba, kutoka juu unafananaje?
Na nyumba yetu, bati lile jipya, liling'aa?

Niliwaambia ndiyo. Ndiyo, liling'aa sana.

Ukweli ni kwamba sikuuona mji.
Nusu saa nzima shingo yangu iligeukia upande mmoja,
kwenye bawa la chini, pale rangi ilipovimba kidogo
kama kipele kwenye shavu,
ubavu wa saba.
Upepo ulilivuta, ukalivuta, ukalijaribu
kama mteja anayetafuta sababu ya kutolipa.

Lilishika.